Arobaini Katika Nyumba ya Kisima

Nyinyi vijana mtakaoyasoma haya, kaeni vizuri na simu wekeni chini. Najua Kiswahili mnakielewa, ila mkiulizwa kitu mnajibu Kiingereza, na mimi najifanya sisikii mpaka mrudie. Shule niliishia darasa la nne, Tanga, kwa hiyo mkikuta herufi imelala upande isimamisheni, muendelee. Nataka mjue joto mnalolikuta mkivua makoti lilipatikanaje, maana nawaona mnavyoingia na kuacha mlango wazi kama nyumba haina mwenyewe.

Nyumba yetu iko juu ya Unionville, huku Kanada, pale mtaa unapokwisha. Tulipohamia, upande wa nyuma yalikuwa mashamba ya mahindi, na bomba la maji la mji lilikuwa limefika njia panda likasimama. Sisi wa mbele ya njia panda kila mtu alikuwa na kisima chake. Mwanangu alipokuja kuniambia amenunua nyumba ya kisima, nilimwuliza kama tumepanda ndege kuvuka dunia nzima ili turudi kuteka maji. Akacheka, akasema hakuna kamba wala ndoo, kuna pampu chini kabisa, unafungua mfereji tu. Nilipoyaonja maji yale nikaongeza kikombe cha pili. Yalikuwa baridi na yana ladha ya jiwe. Maji ya mji yana ladha ya dawa, nyinyi mmeyazoea tu.

Basi maji hayakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa baridi. Ile nyumba ilijengwa zamani, na chini ya nyumba kulikuwa na tanuri la mafuta, linanguruma na kunuka kama gereji. Linapowaka unatoka jasho, likizima tu upepo unakuja kukusalimia kitandani. Majira ya baridi ya kwanza nililala na soksi, na kofia, na kanga mbili kichwani juu ya kofia. Asubuhi mke wa mwanangu alikuwa akinitazama anaficha kicheko kwenye kikombe cha chai. Nilimwacha acheke. Na yeye alikuwa amevaa koti la mumewe.

Mwanangu alikuwa anafanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege, kwa zamu, wiki hii mchana, wiki ijayo usiku. Huko kazini akakutana na mtu aliyemweleza habari ya kupasha nyumba joto kwa kutumia ardhi. Akaja nayo nyumbani kama mtu aliyepata mchumba. Alinieleza mpaka nikaelewa, na mimi nitawaeleza hivyo hivyo. Juu ya ardhi huku kukiganda mpaka pua inauma, chini kule maji ya kisima hayajui habari hiyo. Yako vile vile kiangazi na baridi. Sasa unaweka mashine chini ya nyumba, kubwa kama kabati la nguo. Inavuta maji ya kisima, inayanyang'anya ule uvuguvugu wake mdogo, inaukusanya mpaka unakuwa joto la kutosha nyumba nzima, halafu maji yenyewe inayarudisha ardhini kwenye kisima cha pili. Ni friji iliyogeuzwa. Friji inatoa joto ndani ya chakula na kulitupa jikoni, hii inatoa joto ardhini na kulileta kwenu.

Nikamwuliza, na pampu ikisimama? Akasema ikisimama na joto linasimama, lakini haitasimama. Vijana wa kiume hawajambo kwa kuahidi.

Yule mzee wa Kizungu aliyekuja kuchimba kisima cha pili na kukipima cha kwanza alikuwa mtu wa maneno machache. Aliangalia, akasikiliza, akatuambia kisima kina maji mengi ila hakina haraka. Ukikivuta taratibu kitakupa siku zote, ukikipapia kitakaa chini kijipumzishe. Nilimpenda. Nilimpa chai ya tangawizi, akaimaliza bila kukunja uso.

Kabla ya mashine kuwekwa ilibidi nyumba izibwe. Alikuja mtu wa kukagua, akafunga feni kubwa kwenye mlango wa mbele, ikawa inanyonya hewa ya ndani kuitoa nje, ili hewa ya nje iingilie kwenye matundu na yeye ayaone. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa na mimi nilikuwa nafukiza udi, na sikuona sababu ya kuacha udi wangu kwa ajili ya feni. Nikapita na chetezo changu chumba kwa chumba. Moshi ukifika dirishani unalala, unakimbilia ndani ya nyumba kama umefukuzwa. Ukifika kwenye soketi za umeme vile vile. Mkaguzi akaanza kunifuata nyuma, anaandika na kupiga chafya. Mwanangu aliona aibu, mke wake akakaa ngazini akacheka mpaka machozi yakamtoka. Ikaonekana nyumba yetu ilikuwa chujio. Mafundi wakaziba mianya ya madirisha, wakajaza povu la kuzuia baridi darini, wakabandika mpira kwenye milango. Tangu hapo ukifunga mlango unasikia nyumba inakumbatia hewa yake.

Mashine ikawekwa kabla ya baridi. Hita ndogo ya akiba ya umeme, ya kushika zamu mashine ikiugua, mafundi walisema watakuja kuifunga baadaye. Hiyo baadaye yao ndiyo iliyoniletea habari hii.

Mke wa mwanangu alikuwa mjamzito, uzazi wake wa kwanza, na mtoto alikuwa wa kuzaliwa katikati ya baridi. Sasa nyinyi hamjui mila, basi sikilizeni. Kwetu binti akizaa mara ya kwanza anarudi kwa mama yake kukaa arobaini. Anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa mkaja tumboni, anakunywa uji wa pilipili manga, hagusi cha baridi wala hapigwi na upepo. Mama yake alikuwa Downsview, ghorofa ya juu kwenye fleti, na kule joto linatoka kwa mwenye jengo. Unalikuta tu kama hewa. Kwa haki ya mila, binti alikuwa wa kwenda kule.

Lakini binti mwenyewe hakutaka. Alikuja chumbani kwangu siku moja, tumbo limemtangulia, akakaa ukingoni mwa kitanda. Akasema mumewe akiwa zamu ya usiku analala mchana, na Downsview nyumba ina watu, hana pa kulala, kwa hiyo atakuwa anamwona mtoto wake kama mgeni anayekuja kutoa pole. Akasema, "Mama, nataka mwanangu aanze kwao. Ila mama yangu hatakubali, anasema huku ni porini na nyumba ni ya baridi. Nisemee."

Nikamsemea. Nilimpigia simu mkwe wangu, yaani mama wa binti, na sikuzunguka. Mkwe wangu ni mtu wa Mombasa, mdomo wake una wembe lakini hauna sumu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hana neno, ila anajua nyumba ile, aliwahi kunywa chai mle na koti mwilini. Tukapatana hivi: binti akitoka hospitali atakuja kwetu, na yeye mkwe atakuja kumwona siku anayopenda yeye. Akikuta joto, binti atakaa. Akikuta baridi, binti na mtoto wataondoka naye siku hiyo hiyo, na mimi nitakuwa wa kwanza kufunga mizigo. Nikakubali. Sipendi mapatano yenye mlango wa nyuma.

Mtoto akazaliwa salama, wa kiume, ana kelele. Mambo yakaenda vizuri. Mashine inavuma kule chini, nyumba ina joto la kukaa na kanga moja. Mwanangu alikuwa akitoka kazini anashuka kwanza kuitazama mashine, ndipo anapanda kumtazama mtoto, mpaka mkewe akamwuliza kati yake na mashine nani aliyezaa.

Wa kukanda alikuwa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Alikuwa akikaa Malton, na mikono yake kwa kazi hiyo haina mfano. Alikuja na mabeseni yake, na mitungi ya plastiki, na majani makavu aliyoletewa kutoka nyumbani, utasema anahamia. Alikaa Kanada miaka mingi kuliko mimi, mfereji wa Malton haukumkatikia hata siku moja, lakini Dar es Salaam haikumtoka mwilini. Yule mwanamke akiona maji yanatoka, mkono unamwasha. Lazima ajaze kitu.

Asubuhi moja, arobaini haijaisha, nje kulikuwa na jua kali na baridi ya kukata masikio. Mimi nilikuwa juu namwogesha mtoto kwenye beseni. Wifi chini akaanza matayarisho. Nyumba ya mzazi haikosi maji, ndivyo alivyofundishwa. Akafungua mfereji wa jikoni kwenye mtungi, akaona unachelewa, akafungua wa bafuni kwenye bafu kubwa la kulalia. Akaona bado mkono mmoja hauna kazi, akaingiza nepi kwenye mashine ya kufulia, akaiwasha. Kisha akashuka kule chini ya nyumba, akakuta sinki la kufulia, akaweka ndoo na hapo. Huku kote mashine ya joto nayo inavuta maji yake, maana baridi ilikuwa kubwa na ilikuwa haipumziki. Mkumbukeni yule mzee wa kisima.

Nilikuwa nampaka mtoto mafuta niliposikia kimya. Mvumo ule ukikaa nao unausahau, ukikatika ndipo unausikia. Nikamvisha mtoto, nikamkabidhi mama yake, nikashuka. Wifi alikuwa amesimama jikoni, anaupigapiga mfereji kwa kiganja. Ukakohoa, ukatema hewa, basi. Akaniambia, "Unaona? Nilijua yatakatika. Bahati yenu nimejaza."

Nikamwambia yamekatika kwa sababu amejaza. Hakuelewa, na sikuwa na wakati wa kumwelewesha. Nilimpigia mwanangu kazini. Akaniambia pampu ina kinga yake, maji yakishuka chini yake inajizima isiungue, na bila pampu mashine haina cha kuvuta. Akampigia yule mzee wa kisima, akanirudia na majibu: hakuna kilichoharibika, msifungue kitu, msiguse kitu, kiacheni kisima kipande chenyewe mpaka alasiri. Mwanangu akaniuliza kama arudi nyumbani. Nikamwuliza akirudi atatema maji? Akabaki kazini.

Sijaweka simu chini, nyingine ikalia. Mkwe wangu. Kijana wake mmoja ana gari, wako njiani, wanakuja kumwona mzazi.

Wifi aliposikia akashika kichwa, kisha akashika sufuria. Yeye ni mtu wa hila tangu ujana wake. Alipanga hivi: majiko yote manne yawashwe, mkwe apokewe jikoni, apewe uji, apewe maandazi, asipande juu, aondoke akisema kuna joto. Nikamwambia nyumba hii haijawahi kudanganya mgeni na haitaanza leo. Akasema, "Basi kamwambie ukweli mlangoni, wifi, na mtoto mfungashe wewe mwenyewe, mimi simo." Masufuria akayabandika vile vile, na mimi sikuyabandua. Maji ya kukanda yalihitajika hata hivyo.

Nikapanda juu kumwambia binti. Alimtazama mtoto, kisha akachukua kanga akaikunja, akaiweka chini ya mlango kuziba upenyo, akarudi kukaa. Nilimwona anavyokaza midomo. Mimi simwombei mtu uongo, lakini siku ile niliomba jua lisihame kwenye lile dirisha lake.

Mkwe akaingia, koti mpaka kwenye kifundo, na begi tupu mkononi. Lile begi nililiona kabla sijauona uso wake. Tukasalimiana. Wifi akamvutia kiti karibu na jiko. Mkwe akatazama jikoni, mvuke umejaa, masufuria yanatokota, vyombo vya maji kila mahali mpaka mlangoni, hakuna pa kuweka mguu.

Akasema, "Mbona mmejikusanya jikoni kama paka? Na haya maji, mna harusi?"

Wifi akafungua mdomo. Nikamtangulia. Nikamwambia mkwe wangu kila kitu: kisima kimepapiwa, pampu imejizima, mashine imelala tangu asubuhi, mpaka alasiri hakuna joto jipya ndani ya nyumba hii, na mapatano ni yale yale. Wifi akanitazama kama nimemvua kanga sokoni.

Mkwe akaangalia saa. Akauliza tangu asubuhi saa ngapi. Nikamwambia. Ulikuwa umepita muda wa kutosha kupika pilau, kula na kulala. Akapanda ngazi na begi lake, sisi nyuma, wifi ananong'ona nyuma yangu kwamba mdomo wangu utanizika.

Mlango ulikuwa mzito kufunguka kwa ile kanga. Ndani, jua lilikuwa limejaa mpaka ukutani. Binti amekaa kitandani na gauni jepesi, nywele zimemganda kwenye kipaji cha uso. Mtoto amelala na fulana moja, mashavu mekundu, kajasho juu ya mdomo. Kile chumba kilikuwa bado kimeshika joto la alfajiri. Mwaka uliotangulia, tanuri lilipozima, maji ya chai yalikuwa hayajachemka, baridi imeshafika. Lakini sasa palikuwa na povu darini na mpira mlangoni, na joto lilipotaka kutoka halikuona njia.

Mkwe alisimama. Akaenda dirishani, akapitisha kiganja pembeni pote, juu mpaka chini, anatafuta upepo. Akarudi. Akapitisha kwenye soketi ya umeme. Nikajua huyu mwanamke baridi ya nchi hii imemfundisha pa kutazama. Hakupata kitu. Akakaa kitandani na koti lake, akamwinua mtoto, na baada ya muda kidogo akampa wifi mtoto, akavua koti.

Binti akasema, "Mama, ukitaka niende nitakwenda, sitabishana na wewe. Lakini umeshavua koti."

Mkwe akamtazama, kisha akanitazama mimi. Akaniuliza, "Mashine imezima kweli, mkwe, au mnanichezea?"

Nikamwambia ashuke akaiguse, ni ya baridi kama maiti. Wifi akaniambia nisitaje maiti mbele ya mzazi. Hapo mkwe akaanza kucheka, na akicheka yeye kitanda kinacheka, mtoto akaamka analia, na binti akacheka huku anafuta macho kwa mkono wa gauni.

Mambo yakawa mepesi. Maji ya kukanda yalikuwa tayari, mengi ya kukanda wazazi wa mtaa mzima. Mkwe alikunja mikono akasema kwa siku ya leo mkandaji ni yeye, ni haki yake. Wifi akampisha, lakini hakuondoka, akasimama nyuma akimwambia maji yamepoa, kitambaa hakikukamuliwa, pale mgongoni umeparuka. Mkwe akamjibu kwamba amezaa sita na kukanda mabinti watatu, na hakuna aliyerudi kulalamika. Binti katikati anapiga kelele kwamba maji yanamchoma, hakuna anayemsikiliza. Mimi nilikaa na mtoto dirishani. Nilikuwa na furaha, naandika hivyo kwa sababu sikuionyesha.

Tulipomaliza kuswali alasiri, chini pakasikika kishindo kidogo, kisha ule mvumo. Kisima kimepanda. Wifi akaukimbilia mfereji wa jikoni kuhakikisha, nikamwita kwa jina lake lote la ubini, akasimama mkono hewani.

Mwanangu alirudi jioni, anakimbia na viatu vyenye theluji mpaka kwenye ngazi. Akamkuta mama mkwe wake anakula wali kwa samaki, kanga kiunoni, begi liko mlangoni vile vile. Akalitazama lile begi, akanitazama. Mkwe akamaliza tonge lake. Akamwambia binti yake anabaki, maneno yake si ya kurudi nyuma. Ila na yeye anabaki, mpaka arobaini iishe, kwa sababu haiwezekani binti yake akandwe na mtu anayesema maji yamepoa kila dakika. Kijana wake atamletea nguo kesho, ndani ya begi hilo hilo. Wifi akasema kama mkwe anabaki, basi yeye haondoki, hawezi kuiacha kazi yake mikononi mwa Mombasa.

Mwanangu akavuta kiti akakaa. Niliona anafanya hesabu: mke, mtoto, mama, shangazi, mama mkwe, nepi, na kisima kisicho na haraka.

Sikumwacha amalize. Nikasimama pale kwenye kichwa cha meza, chakula bado kiko mezani, nikawaambia wote, wenyeji na wageni: "Tangu leo katika nyumba hii, maji yanachotwa kwa zamu. Anayefungua mfereji asimame hapo hapo mpaka aufunge, na wa pili asiguse wake mpaka wa kwanza aseme amemaliza. Nepi zinafuliwa mchana, wakati hakuna anayeoga. Hakuna kujaza chombo ambacho hakina kazi leo. Wifi, simama uchote maji ya kwenye lile bafu, nusu uoshee vyombo hivi, nusu ufulie. Mkwe, wewe utamsimamia."